Otele Bila Ua: Neno Langu Juu ya Plani ya Nyumba ya Wageni



Mwezi uliopita tuliwekewa hapa plani ya nyumba ya wageni yenye chama chetu kinataka kujenga kule nyumbani. Mimi pia nilibonyeza "napenda" sawa wote, juu ilikuwa picha nzuri kweli: vyumba kumi na mbili, gorofa, karo mupaka kwenye ngazi, na balkoni ndefu ya simenti yenye inaangalia njia. Watu wakaandika hongera, kuraje, Mungu abariki kazi. Kisha usiku mmoja nikaifungua tena, nikaikuza na vidole kwenye telefone, nikatafuta kitu kimoja na nikakikosa. Nilitafuta fasi mzigo unalala.

Mimi si injenia, mimi ni agronomi. Najua tena kwamba ndugu yetu alichora ile plani bila kulipwa hata franga moja, basi asinichukulie vibaya. Lakini nyumba inasomwa sawa vile kitabu kinasomwa, na hiki ni kitabu chenye tutakichangia sisi wote. Acha nikisome kwa sauti.

Fikirini saa kumi na moja ya jioni pale Buleusa. Mvua imenyesha. Nani anafika? Motari, amebeba watu wawili na gunia. Mama mwenye anatoka Miriki ao anaelekea Pinga, na maharagi yake. Mwalimu anarudi kutafuta mshahara. Muganga na kisanduku cha chanjo chenye barafu inayeyuka. Kijana na mbuzi watatu. Kwa hawa wote, ni mwalimu peke yake njo anafika na mwili wake tu. Wengine wote wanafika na kitu chenye kinahitaji kulala: pikipiki, gunia, barafu, mbuzi. Plani yetu inalaza watu kumi na wawili, ao ishirini na nne kama wanabanana, na inaacha vile vitu vyote kwenye mvua.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kisha tutarudi.

Kule London, upande wa kusini wa mto Thames, karibu na daraja la London Bridge, kuko mtaa unaitwa Southwark, na ndani yake otele ya zamani sana yenye jina George. Ni otele ya wakati wa magari ya farasi. Ukiangalia picha yake mara ya kwanza unashangaa, juu kwenye njia kubwa haionekani karibu hata kidogo. Unaingia kwa kipito chembamba, kisha unakuta ua, na pembeni ya ua nyumba ndefu ya matafali na mbao, na juu yake balkoni mbili za mbao, moja juu ya ingine. Zile balkoni haziangalii njia. Zinaangalia ndani, kwenye ua.

Juu ya nini? Juu balkoni ile haikuwa pambo. Ilikuwa njia ya kupita: milango ya vyumba inafunguka pale, unatoka chumbani, unatembea kwenye balkoni, unashuka. Na ukisimama pale asubuhi unaona farasi wako, gari lako, mzigo wako, na mtu mwenye anaukaribia. Watu wa maigizo walikuwa wanachezea kwenye nyua za namna hii, na watazamaji wanasimama kwenye balkoni. Lakini kazi ya kwanza ilikuwa ile ya kuchunga mali.

Fasi yenyewe haikuchaguliwa ovyo. Mupaka kati ya karne ya 18, London Bridge njo ilikuwa daraja la pekee la kuvuka Thames pale mjini. Lile la Westminster lilifunguliwa mwaka 1750. Mlango wa daraja ulikuwa unafungwa usiku. Mwenye kufika kutoka kusini akiwa amechelewa analala Southwark, apende asipende. Njo maana ule mtaa ulijaa otele. Wakulima wa Kent walifikisha pale hobloni, ule mumea wenye unaipa bia uchungu wake (hata Primus yetu iko nayo), na Southwark ikakuwa soko lake kubwa. Kwa hiyo otele, soko na njia vilikuwa kitu kimoja. Mkulima hakuacha mzigo nje aende kulala. Alilala juu ya ua wenye mzigo wake uko ndani.

Mwaka 1676 moto ulichoma sehemu kubwa ya Southwark, na George ikaungua. Waliijenga upya mwaka uliofuata, na wakaijenga kwa plani ile ile: lango, ua, farasi, balkoni za ndani. Walikuwa na nafasi ya kubadili yote. Hawakubadili, juu plani ilikuwa inajibu swali la njia.

Na swali la njia ni hili: kitu chenye kinakubeba kinachoka kisha kilometre ngapi? Mwaka 1784 gari la kwanza la posta la farasi lilitoka Bristol saa kumi ya jioni na likafika London saa mbili ya asubuhi. Masaa 16, karibu kilometre 190, usiku mzima. Hakuna farasi mwenye anaweza hiyo. Siri ilikuwa kubadilisha farasi, kila kilometre kumi na tano hivi, na kila fasi ya kubadilisha iko otele yenye farasi wengine wanangoja wakiwa wamekula. Kwa hiyo otele hizi zilipangwa kwenye njia kwa kipimo cha mapafu ya farasi. Ukichora ramani yake unachora mnyama.

Hapa agronomi anaamka. Farasi anakula nini? Nafaka na majani makavu, kila siku, hata siku gari halipiti. Otele yenye farasi wengi ilikuwa inanunua kutoka mashamba ya karibu mwaka mzima, na mbolea ya farasi ilikuwa inarudi shambani. Mimi nilisoma miaka ya lisansi nikiambiwa kwamba mkulima anakosa soko. Lile lilikuwa soko lenye tumbo, lenye halifungi hata siku ya Mungu.

Tusiipende kupita kiasi. Wenye franga kidogo walikuwa wanasafiri juu ya paa la gari, kwenye baridi na mvua, na wale wa ndani hawakupenda kula nao meza moja. Farasi wa magari ya mbio walichakaa na kufa haraka. Na njia zenyewe zilikuwa na barieri: unafika, unalipa, unafunguliwa. Watu walizichukia, kule Wales, kati ya 1839 na 1843, wakulima walikuwa wanazivunja usiku, wanaume wamevaa nguo za wanawake. Lakini sheria ilisema franga ya barieri itengeneze ile njia yenye barieri iko juu yake. Nasema tu vile sheria ilisema. Kila mtu wa kwetu mwenye anasoma atafanya hesabu yake mwenyewe.

Najua kuko mwenye ataandika hapa chini: "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuko Walikale." Basi twende Bagamoyo. Kule pwani ya Tanzania, kwenye mwisho wa njia ya misafara yenye ilitoka Ujiji na Tabora, kuko nyumba inaitwa Caravanserai, leo ni makumbusho. Utakuta nini? Ua mkubwa wenye kuzungushiwa, na nyumba ya gorofa katikati yake. Njo vile vile: ua kwanza. Wapagazi walikuwa wanafika na mizigo ya kilo karibu thelathini kila mmoja, pembe za tembo kutoka huku kwetu bara, na msafara hauwezi kulala kwenye chumba. Msafara unalala kwenye ua. Hakuna Muingereza mwenye alimfundisha mtu wa Bagamoyo jambo hilo. Kipimo chake kilikuwa miguu ya mtu, sawa vile kipimo cha George kilikuwa mapafu ya farasi.

Na sisi je? Sisi tulikuwa na jite.

Vijana hawaijui tena hii neno, lakini ulizeni wazee. Kwa wakati wa Wabelgiji, administratere wa teritware alitakiwa kuzunguka, siku nyingi za mwezi awe njiani, anahesabu watu, anakata mashauri, anaangalia mashamba ya lazima, anakusanya kodi. Mwanzoni alikuwa anatembea ao kubebwa na tipoyi, mtu anabeba mtu. Kwa hiyo, kila safari ya siku moja, kulijengwa jite: nyumba ya chumba kimoja ao viwili, ukuta wa udongo ao matafali, paa la majani, na barza mbele. Nyuma iko jiko, peke yake, juu ya moto na moshi. Na nyuma zaidi, vibanda ao hangari la askari, maboyi na wapagazi.

Isomeni ile nyumba. Barza inaangalia mbele, pale watu watapangwa mstari ili wahesabiwe. Haina ua wa katikati. Mgeni ni mmoja tu, na vingine vyote ni nyuma. Wapagazi, wenye njo walikuwa farasi wa ile njia, wamewekwa fasi yenye mgeni haitaji kuwaona. Balkoni ya George inaangalia mnyama mwenye kuchoka. Barza ya jite inampa mgongo mtu mwenye kuchoka. Kwa vita ya kwanza ya dunia, Congo ya Wabelgiji ilitoa wapagazi zaidi ya laki mbili kwenda kupigana na Wajerumani upande wa mashariki, na wengi wao walitoka huku kwetu Kivu na jirani. Hakuna jengo lenye linatuonyesha walilala wapi.

Nani alijenga jite? Kijiji. Ilikuwa kati ya kazi za lazima za shefferi, pamoja na kufyeka njia na kulima mashamba yenye uliamriwa kulima. Dekreti ya 1933 iliweka mupaka wa siku 60 kwa mwaka kwa zile kazi. Paa la majani linaoza, kwa hiyo unalirudilia. Mgeni akifika, kijiji kinaleta kuku, mayai, ndizi, kuni na maji, kwa bei yenye mgeni anasema. Waingereza nao walikuwa na kazi ya bure ya njia, siku sita kwa mwaka kwa muda mrefu, iliisha 1835. Lakini otele haikuwa ndani ya ile kazi. Otele ilinunua. Jite ilichukua. Mbili zote ni nyumba za kulala njiani, zote zimepimwa kwa safari ya siku. Moja inatia franga mkononi mwa mkulima, ingine inatoa kuku kwenye banda lake. Nadhani ni kwa sababu hiyo wazee hawakulia siku jite zilianguka. Majani yakaoza, hakuna mtu alikwenda kukata mengine.

Kisha ikaja kamyo, na ule mpango wa safari ya siku kwa miguu ukafa. Jite nyingi zikakuwa kitu cha bure.

Niseme pia juu ya Rwindi, juu najua picha zake zinazunguka kwenye simu zetu zote. Zile nyumba za mviringo ndani ya Parke ya Virunga, kwenye njia ya Goma kwenda Kanyabayonga. Kila mwezi mtu anaweka picha ya zamani na kuandika "tulikuwa na otele!" Ilikuwa nzuri, sikatai, na kile vita iliifanyia ni huzuni. Lakini tulikuwa nayo nani? Iko kwenye njia kubwa ya jimbo letu, kamyo ngapi za maharagi na viazi zilipita pale, na haikujengewa mtu wa kamyo. Ilijengewa mtu wa kuja kuangalia tembo. Ni otele ya parke yenye njia ilipita karibu yake. Tukiililia, tuililie kwa jina lake.

Sasa turudi kwa nyumba za siku hizi, kwenye masentre yetu. Kipimo cha leo ni nini? Si farasi, si miguu. Ni mgongo wa motari, na hali ya njia kisha mvua, na saa yenye haifai kupatikana nje. Njo vinaamua watu walale wapi. Na otele zenye zinajengwa zinafanana zote: ukuta wa mbele na karo, nguzo mbili, balkoni ya simenti yenye vijiti vya kumwagwa kwenye forma, rangi ya machungwa ao bulu. Hiyo balkoni hakuna chumba kinapitia pale. Hakuna mtu anakaa pale, juu ni vumbi na macho ya watu wa njia. Mimi nililala kwenye moja ya hizo (sitasema wapi), pikipiki yangu ikalala kwenye kolidori kati ya mlango wangu na choo, na harufu ya esansi usiku mzima. Kila mwenye kwenda choo alikuwa anaikanyaga na kunisengenya. Nje, chini ya ile balkoni, wamama watatu walikaa juu ya magunia yao mupaka asubuhi. Walikuwa na franga ya kulala. Hawakuwa na fasi ya kuweka gunia, na hakuna mama mwenye akili ataacha gunia.

Nimeulizwa mara mingi: gunia kulowa usiku mmoja inafanya nini? Nijibu kama agronomi. Maharagi ya kukaa yanahitaji unyevu wa 13% ao chini yake. Ukiyaweka juu ya simenti yenye baridi, gunia linavuta maji kutoka chini hata kama mvua haikuligusa. Yakilowa, koga inaanza ndani, fasi hauoni. Na kile kidudu chenye kinatoboa maharagi kinapenda joto na unyevu. Mama anafika sokoni, munuuzi anatia mkono ndani ya gunia, ananusa, anakata bei. Ile bei yenye anakata, mara ingine inapita bei ya chumba. Kwa hiyo otele bila ghala imemulipisha yule mama chumba chenye hakulala.

Kuko pia jambo la usalama, na hapa ndugu mmoja alitetea balkoni ya mbele: ati inasaidia kuona hatari ikitoka njiani. Namuheshimu, lakini hatari ikikuona wewe kwanza uko juu ya balkoni na taa nyuma yako? Plani ya zamani ilikuwa na jibu lingine: lango moja, pana ya kutosha gari na mzigo wake kuingia, na usiku linafungwa. Watu, farasi, magari, magunia, vyote ndani, na zamu mmoja anachunga fasi moja. Kwa mbele unaonyesha ukuta tu. Kwa kwetu, nadhani ukuta wa mbele usio na kujisifu uko na faida zaidi ya karo.

Na kama njia itatengenezwa? Hilo njo swali kubwa, na sikuona mtu kuliuliza. Kule Uingereza treni ilianza kubeba abiria kati ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, na kisha miaka makumi mawili hivi magari ya farasi ya safari ndefu yalikuwa yamekwisha karibu yote. Otele nyingi zilikufa nayo. George yenyewe iliangukia mikononi mwa kompani ya treni, Great Northern, wakaifanya depo ya mizigo. Mwaka 1889 walibomoa pande mbili, ndiyo sababu leo tunaona upande mmoja tu wa kusini. Tangu 1937 iko chini ya National Trust, na watu wanakwenda kunywa pale. Lakini angalieni: hata treni yenye iliua kazi yake ilitaka nini kwake? Ua. Fasi ya kuweka mizigo, karibu na njia. Vyumba walivibomoa.

Siku njia yetu itakuwa muzuri, mwalimu hatalala tena Buleusa, atapita. Motari atapita. Vyumba kumi na mbili vitabaki na karo yake. Lakini maharagi yatakuwa yangali yanalimwa pale, na yatahitaji fasi pakavu pa kungojea kamyo. Otele yenye ua na ghala inaweza kugeuka depo ya koperative bila kubomoa ukuta. Otele ya balkoni inaweza kugeuka nini?

Kwa hiyo, ndugu injenia, hiki njo naomba. Tupunguze vyumba vikuwe vinane. Lango la mita tatu na nusu, ili hata kamyo ndogo iingie. Ua katikati, wenye mteremko kidogo na mufereji, juu pale kwetu mvua haichezi. Upande mmoja, paa la manjanja la pikipiki, na kwa mwisho wake zizi la mbuzi. Mbolea yake nitaitafutia munuuzi mimi mwenyewe. Upande wa pili, ghala yenye mbao chini, magunia yasiguse simenti, na madirisha ya juu yenye wavu. Jiko peke yake, nyuma, sawa vile walifanya kwa jite. Hilo moja walikuwa na haki. Na vyakula tununue kwa wakulima wa pale pale, kwa bei ya soko, iandikwe kwenye ubao ukutani ili mgeni aone.

Nimeichora na kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari, picha nitaiweka hapa chini, musicheke mistari. Balkoni sikuitoa, juu najua wengi munaipenda. Nimeigeuza tu. Inaangalia ndani, juu ya ua, na mlango wa chumba cha kwanza, kile cha karibu na ngazi, unafunguka mbele kabisa ya mlango wa ghala. Kile chumba nimeandika juu yake: mama wa maharagi.